Jibu la Nani

Nimefanya kazi na Jibu kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na nikiambiwa nichague upya nitaanza na Jibu. Yeye ni fundi wa makochi. Mimi ni wa cherehani: foronya za mito, vifuniko vya viti, mapazia kama mteja ametuomba kwa adabu. Kochi likiletwa kwenye karakana yetu limebonyea katikati hadi mwenyewe anaona haya kulitazama, Jibu hulipindua miguu juu, akachukua koleo, akaanza kung'oa pini za stepla moja baada ya nyingine. Anaweza kumaliza asubuhi nzima hivyo bila kufungua mdomo. Wateja wapya wakisikia naita, "Jibu, nirushie mkasi," wanatarajia kuona mwanamke mwenye maneno. Wanakutana na mtu ambaye ukimsalimia anaitikia kwa nyusi.

Jina hilo halimo kwenye kitambulisho chake. La kwenye kitambulisho lipo, ni zuri na la heshima, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kulitumia limebaki jipya kama sahani za wageni. Kwa watu wote yeye ni Jibu, tangu siku alipotolewa nje akiwa mchanga, na sasa ana mvi na miwani ya kusomea.

Tatizo la kuitwa hivyo ni kwamba kila mtu anataka kujua nani aliuliza. Wazazi wake walikaa miaka saba bila mtoto. Miaka saba inawatosha majirani kuanza kukuhurumia, na mtu mwenye akili zake anaiogopa huruma ya majirani kuliko wezi. Halafu mtoto akazaliwa, akaitwa Jibu, na wote waliokuwa wamefungua midomo yao katika ile miaka saba wakaingia ndani kujitafakari. Muuza mkaa aliyekuwa jirani yao alihamishia magunia yake mtaa wa pili, kwa sababu aliwahi kumuuliza mama mtu kwa nini ananunua kopo moja tu la mkaa kama mtu anayeishi peke yake. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma alidai mpaka anakufa kwamba aliyejibiwa ni yeye, na ukimwambia wapo wengine wanaodai, alikuwa ananuna siku nzima. Hakuna fedheha ambayo watu hawataigombania kama inawapa umuhimu.

Ila katika familia, jambo hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Aliyejibiwa ni shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yake Jibu, mdogo wake wa kumfuata, mwanamke mrefu mkavu anayetembea kama anawahi kufunga geti. Ilisemekana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamchochea kaka yake aoe mke mwingine. Nani alisema? Ilisemekana. Ndiyo maana, watu walisema, mtoto alipozaliwa baba mtu akampa jina lile, na siku anatajwa mbele ya watu akamkazia dada yake macho. Walioshuhudia wanasimulia mtazamo ule mpaka leo, na wasioshuhudia wanausimulia vizuri zaidi.

Na shangazi mwenyewe alisaidia sana kuaminika kwa habari hiyo. Hakuwahi kumbembeleza Jibu. Akija nyumbani kwao anasalimia, anaacha alichokileta, anaondoka kabla ya chai. Jibu aliniambia mara moja, akiwa na pini mdomoni, kwamba alipokuwa mdogo alijificha nyuma ya mlango kila shangazi alipokuja, si kwa hofu, bali aone kama ataulizwa yuko wapi. Hakuulizwa. Akaendelea na kazi yake, na mimi nikaendelea na yangu, maana ukimpa Jibu pole anakutazama kama umemkanyaga.

Sasa, mwaka huu mwana wa pekee wa Jibu akapata mtoto wa kike. Kijana huyo ni fundi umeme, mpole, na aliamua tangu mimba ikiwa changa kwamba akizaliwa wa kike ataitwa kwa jina la mama yake. Siyo la kwenye kitambulisho. La Jibu. Alipokuja karakana kusema hivyo, mama yake alikuwa anavuta mkanda wa springi, na akauvuta mpaka ukakatika. Sijawahi kumwona akikata mkanda.

"Unalitaka kweli hilo jina liendelee?" nilimuuliza Jibu baada ya kijana kuondoka. Mimi ni mtu wa kuuliza, haiwezekani karakana nzima inyamaze.

"Nalitaka," alisema. Nikangoja. Akaokota mkanda, akaupima kwa jicho, akautupa. "Toka nizaliwe, mtu akiniita namwona anatafuta mwingine wa kumtazama. Nataka nilisikie linaitwa kwa mtoto ambaye hajagombana na mtu. Nijue linasikika vipi."

Kwa Jibu hiyo ilikuwa hotuba. Nikajua kwamba jambo hilo analitaka kwa roho yake yote, na kwamba asipolipata hatasema tena, atazeeka nalo kimya kimya katikati ya sponji.

Kikwazo kikawa Nesi. Nesi ni mama wa mke wa kijana, nesi mstaafu wa wodi ya wazazi, mtu aliyepokea watoto wengi kiasi kwamba anajiona ana hisa kwenye kila mmoja. Ana roho nzuri na sauti ya kuamsha walinzi. Alikuja karakana akakaa juu ya kochi la mteja ambalo halijamaliziwa, springi zikamkaribisha, akavumilia.

"Mama mwenzangu," akamwambia Jibu, "mimi sina neno na wewe. Wewe nakupenda. Lakini hilo jina ni la kumjibu mtu. Mtoto siyo ubao wa matangazo. Nimeona wodini watu wanawapa watoto majina ya kuwasema wakwe, majirani, hadi wenye nyumba. Wazazi wanapatana, mtoto anabaki na ugomvi hadi uzeeni. Wewe mwenyewe si ndiyo huyo?"

Jibu hakuitikia. Nesi akachukulia kwamba ameafiki, kosa ambalo watu wengi hulifanya kwake.

"Basi mimi nasema hivi. Jumapili tunakusanyika kumwona mtoto, cheti chake kinangoja jina. Mje na baba yako, aje na huyo shangazi. Wasameheane pale mbele yetu, ugomvi ufe, mtoto achukue jina likiwa safi. Wasipopatana, mwanangu ameshachagua jina lingine, na mimi nitalisimamia."

Nilikiri moyoni kwamba mama huyo ana hoja, na ikaniudhi. Alipoondoka alikuwa amebeba nyuzi za gunia nyuma ya gauni lake, na hakuna kati yetu aliyemwambia.

Baba yake Jibu, ambaye sote tunamwita Mzee, anaishi kwenye chumba kilichoshikana na karakana. Yeye ndiye aliyeianzisha na ndiye aliyemfundisha binti yake kazi. Kati ya chumba chake na cherehani yangu pana ukuta wa mbao nyembamba ambao tulikuwa tuubadilishe tangu paa lilipotengenezwa. Kwa hiyo nataka ieleweke kwamba sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimekaa mahali pangu pa kazi nimezima mashine.

"Baba," Jibu alianza, "Jumapili nataka umsamehe shangazi."

Mzee akaguna. Ana miguno ya namna nyingi, na huu ulikuwa wa mtu aliyekalishwa juu ya msumari.

"Sina cha kumsamehe."

"Baba, yamekuwa mengi sasa. Alivyokusema, alivyomsema mama, yote ya zamani. Mama mwenyewe ameshatangulia. Msamehe tu mtoto apate jina."

"Nimekwambia sina cha kumsamehe."

"Basi sema kwa mdomo tu, moyoni ubaki nayo."

Jibu alikuwa anaomba. Mtu asiyeomba akiomba, hata ukuta wa mbao unasikia vibaya. Kitanda cha Mzee kikalia, akakohoa kikohozi cha kutafuta njia ya kutokea. Hakuipata.

"Jina hilo sikukupa mimi," akasema. "Alikupa mama yako."

Huku nje nikaweka chini kitambaa nilichokuwa nacho mkononi.

"Ule mwaka wa saba," Mzee akaendelea, "nilimwambia mama yako aende. Nilimwuliza ananifaa nini. Hivyo hivyo, nikiwa nimesimama hapo mlangoni: wewe unanifaa nini? Akafunga nguo zake. Kwao alikuwa hana wa kumpokea, akaenda kwa shangazi yako. Wala hakuna aliyejua, tulisema amekwenda kuuguza mgonjwa. Shangazi yako akamweka kwake miezi kadhaa. Kumbe ameondoka na wewe tumboni, na yeye mwenyewe hajui. Ilipoonekana, shangazi yako ndiye aliyemrudisha. Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akanitazama, akaondoka. Hakunisema hata neno moja. Na dada yangu unamjua mdomo wake."

"Halafu?"

"Halafu ukazaliwa. Watu wamejaa sebuleni. Mama yako akatoka na wewe, wakamuuliza anaitwa nani. Akanitazama mimi. Akasema, anaitwa Jibu." Mzee akakohoa tena. "Mimi nikamtazama dada yangu. Ni yeye tu aliyekuwa anajua, nikaogopa atasema. Watu wakafuata macho yangu."

"Ukawaacha."

"Nikawaacha. Sikusema kitu, Jibu. Nilimtazama tu."

"Miaka yote hiyo."

"Ningeanzia wapi? Mwanzoni niliona haya. Baadaye ilikuwa imeshazoeleka. Watu wakawa wananisifu nilivyomkomesha kwa jina, ningewaambia nini? Na nitakwambia ukweli, ilifika mahali hata mimi nikawa namwonea hasira kidogo."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Nimefikiri sana juu yake tangu siku ile, nikiwa napindua kingo za foronya, na nimeona kwamba Mzee si mtu mbaya kuliko wengine. Ni mwanamume aliyemwona mwenzake anabebeshwa zigo lake, akamwacha atembee nalo, halafu akaanza kumlaumu kwa mwendo. Familia ngapi zimejengwa hivyo na zinapendeza ukiziona kwenye picha. Lakini siku ile sikuwa na busara hizo. Siku ile nilitamani kumtia sindano.

Jibu akatoka, akachukua nyundo, akapigilia fremu ya kochi mpaka majirani wakachungulia. Shida yake ni kwamba akinuna na asiponuna hana tofauti kubwa, ila nyundo. Alipigilia kutwa. Jioni akaenda mlangoni kwa baba yake, akasimama, nahisi palepale, akasema:

"Jumapili utasema mwenyewe."

"Nitafedheheka, mwanangu."

"Ndiyo."

"Mbele ya wakwe."

"Ndiyo, baba."

Kati ya siku ile na Jumapili, Mzee aliugua magonjwa ambayo hata Nesi asingeyajua. Mara mgongo, mara kizunguzungu, mara sikio la kushoto limeziba. Jibu alimpelekea uji na dawa, akamnyooshea koti. Jumapili tukamtia kwenye koti hilo, akaonekana nadhifu kama bwana harusi aliyebadili mawazo.

Walikusanyika nyumbani kwa kijana, sebule ndogo yenye makochi tuliyoyavisha sisi wenyewe, kwa hiyo walau watu walikaa vizuri. Alikuwepo Nesi katikati, mtoto mapajani, mama wa mtoto pembeni yake akiwa amechoka na amependeza, kijana mlangoni, ndugu kadhaa wa pande zote mbili, na chai. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa uani, amekishika kikombe kwa mikono miwili. Kochini palikuwa na nafasi. Hakuna aliyemwambia asogee, na yeye hakusogea.

Nesi akafungua kikao. Akasema jina ni zuri, bibi wa mtoto ni mtu wa kupigiwa mfano, ila lile la nyuma limalizwe leo. Akamgeukia Mzee kwa heshima zote. "Baba yetu, tunakuachia. Useme kwa dada yako neno la moyoni."

Mzee akasimama. Nampa haki yake: alisimama bila kusaidiwa, na alisema. Alisema yote. Kwamba jina alilitoa marehemu mkewe, siyo yeye. Kwamba aliyejibiwa ni yeye. Kwamba alimfukuza mkewe akimuuliza anamfaa nini, na dada yake ndiye aliyemsitiri na kumrudisha. Kwamba siku ile alimtazama dada yake kwa hofu, watu wakadhani ni kwa hasira. Kijasho kikamtoka juu ya midomo. Jibu alikuwa amesimama nyuma ya kochi amekamata mbao ya juu.

Nesi akatoa leso, akafuta jicho moja, kisha la pili.

"Wazee kama hawa," akasema, "wamekwisha."

Wakaitikia, kweli, wamekwisha.

"Mnaona? Kaka anachukua kosa la dada yake analiweka kichwani kwake, mbele ya wakwe, ili tu dada asiaibike. Jamani. Huyu ni baba."

Ndugu mmoja wa upande wetu, ambaye alilishwa ile habari ya shangazi pamoja na uji, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Mzee ndivyo alivyo. Hawezi kumwaibisha mtu."

"Hapana," Mzee akasema. "Hamjanielewa. Nasema ni mimi."

"Tumekuelewa, baba. Tumekuelewa sana."

"Nilimfukuza mke wangu mimi."

"Basi, baba, inatosha. Usijiumize." Na Nesi akamgeukia shangazi, kwa upole wa kumhurumia aliyekosa. "Na wewe, mama, umeona ulivyo na kaka. Mshukuru Mungu."

Macho yote yakamwendea shangazi, kama yalivyofundishwa kwenda. Nikamtazama Jibu. Alishafungua mdomo. Yeye ndiye mtu pekee ambaye angesema wakamsikia, maana hasemi ovyo, na niliona neno limeshamfika kwenye meno. Na shangazi, kule mlangoni, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anakataa sukari ya pili.

Jibu akafunga mdomo.

Mzee alijaribu mara nyingine, kwa sauti ya chini zaidi. Kila alivyojishtaki ndivyo walivyompenda. Mtu mmoja akamwongezea mto mgongoni. Mwingine akamletea kipande kikubwa cha keki. Akakitazama, akatutazama, akakaa. Nikamwona jinsi anavyoanza, taratibu, kufarijika. Kufika nusu ya keki alikuwa anaitikia kwa unyenyekevu wanaposema hawapo tena wazee kama yeye.

Jina likapita bila mjadala. Nesi mwenyewe alilipigania sasa: mtoto mwenye babu wa namna hii lazima abebe kitu cha ukoo. Kijana akamtazama mama yake akitabasamu mpaka masikioni. Alikuwa amempa alichokitaka. Jibu akaitikia kwa nyusi, na hakuna aliyeona ajabu.

Shangazi alikuwa ameshainuka, amekusanya vikombe vitupu, amepotelea uani. Jibu akamfuata, na mimi nikamfuata Jibu nikiwa na sahani mbili mkononi za kujisingizia. Pale uani pana bomba na beseni. Shangazi alikuwa ameinama anaosha, mikono hadi kwenye viwiko, anasugua vikombe kama vimemkosea.

"Kwa nini umenizuia?" Jibu akamwuliza.

"Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba amesema kweli."

"Wasingekuamini. Wangesema umemrithi baba yako." Akasuuza kikombe, akakigeuza juu chini. "Na yule mzee ana miaka mingapi ya kuishi? Mwache ale keki."

Jibu akachuchumaa upande wa pili wa beseni. Mimi nikabaki mlangoni na sahani zangu, na hawakunijali, kwa hiyo sikuondoka.

"Shangazi, mimi ningeambiwa. Siyo wao. Mimi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ulikuwa unashinda nyuma ya baba yako karakana nzima, umemshikilia suruali. Akipiga msumari unacheka. Nikuite niseme huyu unayemfuata alimfukuza mama yako na wewe tumboni? Ungemfuata nani?"

"Ningekufuata wewe."

Shangazi akaacha kusugua. Ni mwanamke mkavu, nimesema, na sikumwona akilia hata wakati huo. Ila alikosea mahali pa kuweka kikombe, kikaanguka majini.

"Mdomo wangu naujua," akasema. "Haukai na kitu. Nilijua nikikupakata nitasema. Nikila na wewe nitasema. Nikikaa na wewe mpaka chai, nitasema. Hata hilo jina sikulitamka. Nikilitaka kulitamka nasikia na lile swali la baba yako linakuja nyuma yake. Nilikuwa nakuita we mtoto, hata ulipoota mvi. Nikaona bora unione mbaya, baba yako awe mzuri. Mtoto anaweza kukosa shangazi."

Jibu hakusema chochote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona kwamba si kwa sababu hana la kusema. Aliingiza mikono kwenye beseni, akakitafuta kile kikombe, akakitoa, akakiweka juu ya vingine. Kisha akasimama, akaingia ndani.

Nilimsikia Nesi akisema mtoto ndiyo kwanza amelala. Sikusikia akijibiwa. Jibu akatoka na mtoto amefungwa kwenye shuka la njano, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa jambo lisilomhusu, na Nesi nyuma yake akihubiri habari za upepo. Nilisimama katikati ya mlango. Mimi ni mnene, na siku hiyo nilishukuru.

Shangazi akajifuta mikono kwenye gauni, mbele na nyuma, akaigeuza kuona kama imekauka, akajifuta tena. Akampokea mtoto. Hakujua amshike vipi, akamshika juu sana, karibu na shingo, hadi kile kichwa kidogo kikalala chini ya kidevu chake. Akakaa hivyo kidogo. Halafu akamwinamia sikioni, akalitamka, polepole, kama anajaribu hatua ya ngazi asiyoiamini.

"Jibu."

"Abee, shangazi," akaitika Jibu wangu, mwenye mvi zake, amesimama pale na vidole vyake bado vimelowa.

Shangazi akainua uso, akamtazama. Hakumwambia kwamba aliyeitwa ni mtoto.